Pete na Jina: Miaka Sitini ya Lise Meitner na Otto Hahn

Barnaba ndiye aliyemchukua Paulo na kumpeleka kwa mitume wakati waumini wa Yerusalemu walipokuwa bado wanamwogopa. Ndiye aliyekwenda Tarso kumtafuta, akamleta Antiokia. Walisafiri pamoja, wakahubiri pamoja, wakafukuzwa mjini pamoja. Kisha, kwa ajili ya kijana Marko, wakagombana vikali hata kila mmoja akashika njia yake. Luka hakuificha habari hiyo. Imo katika Matendo ya Mitume sura ya 15. Miaka mingi baadaye Paulo, akiwa kifungoni, alimwagiza Timotheo aje pamoja na Marko yule yule, kwa kuwa alimhitaji katika huduma (2 Timotheo 4:11).

Wapendwa wasomaji, nimetanguliza habari hiyo kwa sababu ninataka kuwasimulia juu ya wanasayansi wawili ambao maisha yao yalifungamana kwa zaidi ya miaka 60, tangu 1907 hadi 1968. Hawakuwa mume na mke, wala ndugu wa damu. Walikuwa watendakazi wenza. Kanisani tunafundisha sana juu ya ndoa, na juu ya wazazi na watoto. Juu ya mtu tunayefanya naye kazi miaka 20 au 30, shuleni, zahanati, ofisini au dukani, tunafundisha kidogo, ingawa saa nyingi za uhai wetu tunazimaliza pamoja naye. Mtu huyo anatudai nini mbele za Mungu? Historia ya Lise Meitner na Otto Hahn inatusaidia kulijibu swali hilo, kwa mema yao na kwa mapungufu yao.

Karakana ya useremala

Lise Meitner alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1878, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa mwanasheria. Wakati ule shule ya kawaida ya wasichana wa Austria iliishia wakiwa na miaka 14 hivi, na njia ya kwenda chuo kikuu ilikuwa imefungwa kwao. Ilipofunguliwa, Lise alisoma kwa mwalimu wa binafsi, akashinda mtihani, akaingia Chuo Kikuu cha Vienna mwaka 1901. Mwaka 1906 alipata shahada ya udaktari katika fizikia. Mwaka uliofuata alikwenda Berlin kusikiliza mihadhara ya profesa mashuhuri, Max Planck. Na mwaka 1908 alibatizwa katika Kanisa la Kiinjili. Kutoka mji huo huo wa Berlin ndiko walikotoka wamisionari walioleta Injili katika Nyanda za Juu Kusini za nchi yetu mwaka 1891, kwa hiyo tunaweza kusema kwamba mama huyu aliingia katika ukoo wetu wa imani.

Otto Hahn alizaliwa Frankfurt mwaka 1879, miezi minne tu baada ya Lise. Baba yake alikuwa fundi wa vioo aliyefanikiwa. Otto alisoma kemia, akafanya kazi London na Montreal kwa wataalamu wa mionzi, kisha akarudi kwao na kuanza kazi Berlin. Walipokutana mwaka 1907, yeye mkemia alikuwa anatafuta mwanafizikia wa kushirikiana naye, na yeye mwanafizikia alikuwa anatafuta mahali pa kufanyia majaribio.

Kulikuwa na kizuizi kimoja. Mkuu wa taasisi ya kemia hakuruhusu wanawake. Baada ya kuombwa alikubali kwa sharti: Meitner afanye kazi katika chumba cha chini ya jengo kilichokuwa karakana ya useremala, chenye mlango wake wa nje, wala asionekane ghorofani. Hata choo hakikuwepo kwa ajili yake. Alikwenda katika mgahawa wa jirani. Zuio hilo liliondolewa baada ya Prussia kuwaruhusu wanawake kusoma vyuo vikuu mwaka 1908. Katika chumba kile cha chini ndipo ushirika wao ulipoanza. Kazi ilipokwenda vizuri waliimba nyimbo za Brahms kwa sauti mbili. Lakini kwa miaka mingi hawakuwahi kula chakula pamoja nje ya shughuli za kikazi. Walikuwa watu wa adabu ya zamani, na kila mmoja alilinda heshima ya mwenzake.

Kazi na vita

Mwaka 1912 walihamia taasisi mpya ya kemia huko Dahlem, Berlin. Hahn alipewa cheo na mshahara. Meitner aliingia kama mgeni asiyelipwa. Mshahara wake wa kwanza aliupata kwa Planck, aliyemwajiri kuwa msaidizi wake.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliwapeleka pande tofauti. Hahn aliitwa jeshini, akawekwa katika kikosi cha gesi ya sumu, silaha ambayo wanasayansi wa Berlin waliitengeneza. Meitner alijitolea kuwa muuguzi wa eksirei katika hospitali za jeshi la Austria, akaona kwa macho yake hali ya majeruhi. Baadaye alirudi Berlin na kuendelea na utafiti waliouanza wote wawili, huku Hahn akiwa bado vitani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo aliifanya peke yake. Mwaka 1918 makala ilitoka, ikitangaza elementi mpya, protaktiniamu. Jina la kwanza juu ya makala lilikuwa la Hahn, na la Meitner likafuata. Naomba msomaji aitunze habari hii, kwa maana tutairudia.

Baada ya vita waliendelea vizuri. Hahn alikuwa amemwoa Edith mwaka 1913, na mtoto wao wa pekee, Hanno, alipozaliwa mwaka 1922, Meitner akawa mama yake wa ubatizo. Mwaka 1926 alikuwa mwanamke wa kwanza Ujerumani kuwa profesa wa fizikia. Mwaka 1934 ndiye aliyemshawishi Hahn waingie katika utafiti mpya: kuipiga urani kwa chembe ndogo zinazoitwa nyutroni ili kuona kinachotokea. Wakamwongeza mkemia kijana, Fritz Strassmann. Kijana huyu alikuwa amejitoa katika chama cha wakemia kilipoingia mikononi mwa Wanazi, na kwa sababu hiyo milango mingi ya ajira ilimfungia. Meitner alimsihi Hahn wamtafutie riziki, nao wakampa kazi kwa ujira mdogo.

Pete

Hitler alipotawala mwaka 1933, Wayahudi waliondolewa katika kazi za serikali. Meitner alinyimwa haki ya kufundisha chuo kikuu. Kwamba alikuwa Mkristo aliyebatizwa miaka 25 nyuma hakukusaidia kitu, kwa kuwa sheria iliangalia babu na bibi. Inasikitisha kwamba hata Kanisa lilijikwaa hapo. Mwezi Septemba mwaka ule sinodi ya Kanisa la Kiinjili la Prussia ilipitisha kanuni ya kuwaondoa watumishi wenye asili ya Kiyahudi. Kati ya waliopinga alikuwemo mchungaji kijana wa Berlin, Dietrich Bonhoeffer, ambaye wengi wetu tumemsoma.

Jina la Bonhoeffer linaingia katika habari hii kwa njia nyingine pia. Mwaka 1934 mkemia Fritz Haber, mwenye asili ya Kiyahudi, alifia uhamishoni. Mwezi Januari 1935 Planck aliandaa ibada ya kumbukumbu, na serikali ikawakataza maprofesa wa vyuo vikuu kuhudhuria. Karl-Friedrich Bonhoeffer, kaka yake Dietrich, alikuwa ameandika hotuba lakini hakuruhusiwa kuitoa. Hahn alisimama akaisoma kwa niaba yake. Meitner na Strassmann walikuwepo ukumbini. Hahn hakuwahi kujiunga na chama cha Nazi, na siku ile alionyesha ujasiri.

Meitner aliendelea na utafiti kwa sababu alikuwa raia wa Austria. Kinga hiyo ilikwisha mwezi Machi 1938, Hitler alipoitwaa Austria. Mkemia mmoja wa jengo lile lile, mfuasi wa Wanazi, alianza kusema kwamba mwanamke Myahudi anaihatarisha taasisi. Hahn aliingiwa na hofu. Alizungumza na mmoja wa wafadhili wa taasisi, kisha akamwambia Meitner asije tena kazini. Meitner aliandika katika shajara yake kwamba kwa kweli Hahn amemtupa nje. Ilikuwa miaka 30 tangu waanze pamoja katika karakana ya useremala.

Mambo yalizidi kuwa mabaya. Pasipoti yake ya Austria haikutambuliwa tena, na watu wa elimu walikuwa karibu kuzuiwa kutoka nje ya nchi. Marafiki wa Uholanzi walipanga atoroke, na mmoja wao, mwanafizikia Dirk Coster, alikuja Berlin kumchukua. Siku yake ya mwisho Meitner alifanya kazi mpaka jioni, akisahihisha makala ya mwenzake mdogo, ili asishukiwe. Usiku alilala nyumbani kwa Hahn. Kabla hajaondoka, Hahn alimpa pete ya almasi aliyorithi kwa mama yake, ili ikilazimu awape askari wa mpakani wampitishe. Tarehe 13 Julai 1938 alivuka mpaka kwa treni akiwa na mikoba midogo na marki 10. Pete haikuhitajika. Hatimaye alifika Stockholm, akiwa na karibu miaka 60, bila maabara ya maana, bila akiba, na bila lugha ya nchi ile.

Tazameni basi jinsi mtu anavyoweza kuwa. Mkono uliomfungia mlango wa taasisi ndio uliompa pete ya mama.

Barua ya Krismasi

Utafiti wa urani haukukoma. Hahn na Strassmann waliendelea Berlin, wakimwandikia Meitner karibu kila hatua. Mwezi Novemba Hahn alikutana naye Copenhagen kwa siri, na Meitner akawasihi warudie majaribio kwa uangalifu mkubwa, kwa maana majibu waliyoyapata hayakuingia akilini.

Walirudia. Tarehe 19 Desemba 1938 Hahn alimwandikia barua: kila walipochunguza kile walichodhani ni radiamu, kilijionyesha kuwa bariamu, elementi ambayo uzito wake unazidi kidogo tu nusu ya ule wa urani. Yeye na Strassmann kama wakemia hawakuona njia ya kulieleza jambo hilo. Akamwomba Meitner afikiri.

Barua ilimkuta katika mji mdogo wa Kungälv, Sweden, alikokwenda kula Krismasi kwa rafiki. Alikuwepo pia mtoto wa dada yake, mwanafizikia Otto Robert Frisch, ambaye baba yake alikuwa wakati huo kambini Dachau, amefungwa na Wanazi. Shangazi na kijana walitoka kutembea kwenye theluji. Wakaketi juu ya gogo, wakatoa vipande vya karatasi, wakaanza kupiga hesabu.

Walikifikiria kiini cha urani kama tone kubwa la maji. Likiguswa na nyutroni, tone linatikisika, linarefuka, linabanika katikati, kisha linakatika kuwa matone mawili. Matone hayo yanasukumana kwa nguvu kubwa. Meitner alikumbuka kwa kichwa namna ya kukadiria uzito wa viini, akaona kwamba vipande viwili vikijumlishwa vina upungufu wa karibu moja ya tano ya uzito wa protoni. Kwa kanuni ya Einstein, upungufu huo ungekuwa nguvu ya elektroni-volti milioni 200. Nguvu ya atomu moja tu ingetosha kuirusha punje ya mchanga. Hivyo ndivyo mwanadamu alivyoelewa kwa mara ya kwanza kupasuka kwa kiini cha atomu.

Makala ya Hahn na Strassmann ilitoka tarehe 6 Januari 1939. Ya Meitner na Frisch ilitoka mwezi Februari, katika jarida la Uingereza. Jina la Meitner halikuwekwa katika makala ya Berlin. Kwa wakati ule tunaweza kuelewa: kumtaja mkimbizi Myahudi kuwa mwandishi mwenza kungewahatarisha waliobaki.

Jina

Lakini hatari ilikwisha mwaka 1945, na jina bado halikurudi mahali pake. Hahn alikuwa ameanza kusema, na aliendelea kusema, kwamba ugunduzi ule ulikuwa kazi ya kemia peke yake, na kwamba fizikia haikuusaidia. Aliyeanzisha utafiti, aliyeuongoza kwa miaka minne, na aliyeandikiwa barua aje na maelezo, akawa kama hakuwepo. Mwezi Novemba 1945 ilitangazwa kwamba Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1944 amepewa Otto Hahn peke yake.

Tangazo hilo lilimkuta mahali pagumu. Hahn na wenzake tisa walikuwa wamezuiliwa na Waingereza katika nyumba iitwayo Farm Hall. Hapo ndipo walipopata habari ya bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa bomu ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika ardhi ya jirani zetu wa Kongo wanaosema Kiswahili kama sisi. Hahn alilemewa sana. Alijiona anahusika na vifo vile, na wenzake walimwangalia usiku ule wakiogopa asije akajidhuru. Meitner naye alipatwa na habari akiwa Sweden. Yeye alikuwa amekwisha kuitwa mwaka 1943 ajiunge na kazi ya bomu huko Marekani, akakataa moja kwa moja. Hata hivyo magazeti yalimsimulia kana kwamba alitoroka Ujerumani na siri ya bomu.

Mwezi Desemba 1946 Hahn alikuja Stockholm kupokea tuzo, na Meitner akampokea yeye na mkewe. Aliumia kuona kwamba Hahn alipohojiwa na waandishi hakumtaja, wala miaka yao 30 ya kazi. Hahn alimgawia sehemu ya fedha za tuzo, naye hakuzitumia. Alizipeleka kwa kamati ya Einstein iliyowaonya watu juu ya silaha za atomu. Fedha zilitolewa kwa ukarimu, lakini alichopungukiwa Meitner hakikuwa fedha.

Haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Hahn naye ni mmoja wa wale waliowahi kumpendekeza Meitner kwa Tuzo ya Nobel. Hakupewa kamwe.

Barua ambayo haikufika

Mwezi Juni 1945, baada ya dunia kuona picha za kambi za mauaji, Meitner alimwandikia Hahn barua nzito. Alimwambia kwamba yeye na wenzake wote waliipoteza mizani ya haki. Walifanya kazi chini ya Wanazi bila hata upinzani wa kimya, na ili kutuliza dhamiri walimsaidia mtu mmoja hapa na mwingine pale, huku mamilioni wakiuawa pasipo wao kupaza sauti. Akamsihi aseme hadharani kwamba wanabeba wajibu, kwa faida ya Ujerumani yenyewe. Na hakujitoa mwenyewe katika hukumu: katika barua zake za miaka ile alikiri kwamba kubaki kwake Berlin kati ya 1933 na 1938 lilikuwa kosa.

Barua ile ya Juni haikumfikia Hahn, kwa kuwa alikuwa kizuizini. Lakini Meitner aliendelea kumwambia mambo hayo katika barua zilizofika, na mdomo kwa mdomo. Hahn hakupenda kuyasikia. Alitaka kuzungumza juu ya njaa na mateso ya Wajerumani baada ya vita, ambayo kweli yalikuwepo. Miaka ya 1950 Meitner alimwandikia tena kulalamika kwamba makala moja ya Kijerumani ilimwita msaidizi wa Hahn, akamuuliza angejisikiaje yeye kama angeitwa hivyo.

Hakuacha kusema kweli, wala hakuvunja urafiki. Wengi wetu tunajua kufanya moja tu kati ya hayo mawili. Tukikosewa, ama tunanyamaza ili amani idumu, nayo hiyo si amani, ama tunasema na kuondoka. Meitner alisema akabaki. Aliendelea kumwandikia Hahn, kumsalimu Edith, na kumuulizia Hanno, mtoto wake wa ubatizo.

Mzee naye alibadilika katika mambo mengine. Hahn, ambaye katika ujana wake alitumika katika kikosi cha gesi ya sumu, mwaka 1955 aliongoza tamko la Mainau la washindi wa Tuzo ya Nobel dhidi ya silaha za nyuklia, na mwaka 1957 alikuwa kati ya wanasayansi 18 wa Göttingen walioikataa mipango ya kulipatia jeshi la Ujerumani silaha hizo. Mwaka 1959 taasisi mpya ya utafiti ilifunguliwa Berlin kwa jina la Hahn na Meitner, nao wote wawili wakahudhuria. Mwaka uliofuata Hanno na mkewe walifariki katika ajali ya gari huko Ufaransa. Mwaka 1966 Tuzo ya Enrico Fermi ya Marekani ilitolewa kwa pamoja kwa Hahn, Meitner na Strassmann. Majina matatu yaliandikwa pamoja, miaka 28 baada ya ugunduzi.

Hahn alifariki tarehe 28 Julai 1968, na Edith akamfuata wiki mbili baadaye. Jamaa za Meitner huko Cambridge hawakumwambia, kwa sababu alikuwa dhaifu mno. Naye alilala tarehe 27 Oktoba mwaka ule ule. Alizikwa Bramley, kusini mwa Uingereza, karibu na kaka yake. Kwenye jiwe la kaburi Frisch aliandika kwamba alikuwa mwanafizikia ambaye hakuupoteza utu wake. Mwaka 1997 elementi namba 109 ilipewa rasmi jina la meitneriamu.

Amri ya tano na amri ya nane

Tukifungua Katekisimo Ndogo tunaona kwamba Luther, akieleza amri ya tano, haishii kwenye kukataza kuua. Anatufundisha kumsaidia jirani katika shida za mwili wake. Hahn alipotoa pete ya mama yake aliitii amri hiyo kwa gharama. Akieleza amri ya nane, Luther haishii kwenye kukataza uongo. Anatutaka tumtetee jirani, tumseme vizuri, na tuyapokee matendo yake kwa upande ulio mwema. Hapo ndipo Hahn alipolegea. Hakumsingizia Meitner. Alinyamaza mahali ambapo kumtaja kungempunguzia yeye sifa. Mwaka 1918 Meitner alifanya kazi karibu yote, mwenzake akiwa vitani, akatanguliza jina la mwenzake. Zamu ilipogeuka, hakurudishiwa.

Ni rahisi kwetu pia kutii amri ya tano na kuisahau ya nane. Mwenzetu wa kazi akiugua tunachanga, akifiwa tunakwenda msibani, tunabeba jeneza. Lakini taarifa aliyoiandika tunaipeleka kwa mkubwa kwa jina letu. Mwalimu anasifiwa kwa matokeo ya darasa lililofundishwa miaka mitatu na mwingine aliyehamishwa. Mwanakwaya anatunga wimbo, na kanda inatoka pasipo jina lake. Hata sharikani tuangalie mawe ya msingi ya makanisa yetu: yana jina la askofu aliyeliweka jiwe na mchungaji aliyekuwepo siku ile, nami sina neno juu ya hayo. Lakini mara ngapi tumekuta jina la mama aliyebeba mchanga kutoka mtoni, au la mwinjilisti aliyekusanya watu wa kwanza chini ya mti?

Amri hiyo hiyo inatuongoza katika kumsema Hahn mwenyewe. Tukimfanya kuwa mwizi tu, tumeivunja tukidhani tunaitetea. Aliisoma hotuba ya Bonhoeffer. Alitoa pete. Aliomboleza Hiroshima. Alikuwa mtu mwema kuliko wengi wa wakati wake, na wema wake ulikoma mahali pa jina. Kwa habari yake tujichunguze wenyewe: yawezekana na wetu una mahali unapokomea.

Na tusimsahau wa tatu. Fritz Strassmann, aliyelipwa kidogo kwa sababu ya msimamo wake, alimficha mwanamke Myahudi katika nyumba yake Berlin wakati wa vita, akiwa na mke na mtoto mdogo, na kama wangekamatwa wote wangeangamia. Baada ya vita yeye ndiye aliyemwomba Meitner arudi Ujerumani aongoze idara ya fizikia katika taasisi ya Mainz. Meitner akakataa, lakini aliguswa. Strassmann alifariki mwaka 1980 bila kuitangaza habari ile ya kumficha mtu. Mwaka 1985 Yad Vashem ya Yerusalemu ilimwandika kati ya Wenye Haki wa Mataifa.

Mchungaji hawezi kuwapa washarika agizo juu ya kila ofisi na kila shamba. Ninaloweza kuomba ni dogo. Kabla ya Jumapili ijayo, kila mmoja akumbuke mtu mmoja ambaye kazi yake imebeba jina la mwingine, na kama mwingine huyo ni yeye mwenyewe, aende amtaje mbele ya watu. Na yule ambaye jina lake limeachwa, asinyamaze kwa uchungu. Aseme kweli, kisha aendelee kuuliza habari za watoto. Bwana wetu anayajua majina yetu yote, hata yale yasiyochongwa kwenye jiwe lolote.